Nani Kasema, na Umeyapata Wapi? Utafiti na Kunukuu kwa Haki katika Somo la Fasihi

Utangulizi

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kazi ya likizo fupi: waandike insha ya kurasa mbili kuhusu nafasi ya Muyaka bin Haji katika ushairi wa Mombasa. Nililichagua somo hilo kwa sababu wengi wao ni wa hapa hapa kisiwani. Wapo wa Buxton ninakokaa mimi, wapo wa Tudor, Tononoka na Makadara, na wapo ambao kwao ni Mji wa Kale. Nilitarajia kwamba mtoto wa Mombasa angekuwa na la kusema juu ya malenga wa Mombasa.

Insha zilizonifikia zilikuwa 43. Katika 17 miongoni mwazo nilikuta kauli moja, neno kwa neno: kwamba Muyaka aliandika diwani yake mwaka wa 1940. Muyaka alifariki mnamo 1840. Wanafunzi 17 walikuwa wamemwandikisha marehemu kitabu karne nzima baada ya kuzikwa, na hakuna aliyeshtuka.

Nilidhani nimewafumania. Nikawaita watatu ofisini na kuwauliza nani kamwigia mwenziwe. Msichana mmoja akanijibu kwa adabu: "Samahani, mwalimu. Sisi tuliandika kama ulivyotuandikia." Akafungua daftari lake. Katika nota nilizowasomea mwanzoni mwa mwaka palikuwa na mstari huu: Muyaka bin Haji, Diwani ya Muyaka, 1940. Hapakuwa na mhariri, mkusanyaji wala mchapishaji. Jina tu, mkwaju wa kalamu na mwaka. Mstari huo nami niliunakili kutoka kwa nota zangu za chuo kikuu, ambazo nazo nilizinakili kwa mwenzangu wa bwenini. Kitabu chenyewe sikuwa nimekishika.

Makala haya yanatokana na aibu hiyo. Yanakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kutotaja chanzo kunaiharibu tahakiki yenyewe, si adabu ya kitaaluma peke yake. Pili, kwamba kutaja chanzo ni mwenendo wenye mizizi katika elimu ya pwani na hata katika mtihani wetu wa fasihi. Tatu, kwamba mwalimu anaweza kuufundisha mwenendo huu kwa vifaa alivyo navyo, mradi aanze na nota zake mwenyewe.

Safari ya diwani moja

Hebu tufuatilie mashairi ya Muyaka yalivyotufikia. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi Mombasa kati ya mwaka wa 1776 hivi na 1840, enzi ya utawala wa Mazrui ambao ulikoma 1837 Seyyid Said alipoutwaa mji. Alitunga juu ya siasa, mapenzi, njaa, biashara na kulumbana. Wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa zikivutana mwanzoni mwa karne ya 19, beti zilivuka bahari huku na huko: Muyaka akisema kwa upande wa Mvita na Zahidi Mngumi kwa upande wa Lamu. Mashairi yake yalikaa vinywani na katika kumbukumbu za watu.

Baada ya kifo cha Muyaka, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alifanya kazi ambayo leo tungeiita utafiti wa nyanjani. Alizikusanya beti hizo kwa watu waliozihifadhi, akaziandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuwa mwanafunzi hodari wa lahaja ya Kimvita na ambaye mwaka wa 1891 alichapisha mkusanyiko wa methali za Waswahili. Taylor alizigeuza hati kuwa za Kirumi na kuzitilia maelezo. Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika maktaba ya chuo kinachojulikana leo kama SOAS. Ni kutokana na karatasi hizo William Hichens alipoihariri Diwani ya Muyaka, ikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka wa 1940. Mwaka wa 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu kingine kuhusu Muyaka, chenye mashairi, tafsiri na historia ya mazingira yaliyoyazaa.

Sasa turejee kwenye mstari wangu wa nota. Kwa kuandika jina la Muyaka na mwaka wa 1940 pekee, nilifuta watu watatu na miaka 100. Hasara yake katika uhakiki ni kubwa. Mwanafunzi anayeamini kwamba Muyaka aliandika 1940 atatafuta ukoloni wa Mwingereza katika mashairi ya mtu aliyekufa kabla ya ukoloni huo. Hatajiuliza ni beti zipi zilizosahauliwa kabla ya kuandikwa, au kama neno fulani ni la mtunzi, la msimulizi, la mwandishi wa hati au la mhariri. Maswali hayo ndiyo uhakiki wenyewe.

Na yupo aliyedhulumiwa. Katika nota nyingi za darasani nilizoziona, zangu zikiwamo, Taylor na Hichens huenda wakatajwa, lakini Mwalimu Sikujua hatajwi. Ni ajabu kwamba mtu ambaye jina lake ni Sikujua ndiye aliyehakikisha kwamba sisi tumejua. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sikujua hakuwa mnyonge. Alikuwa mwalimu kama sisi. Haki yake ni kutajwa.

Si jambo la kigeni

Wapo walimu wanaodhani kwamba kunukuu na kurejelea ni mambo ya chuo kikuu, mtindo wa mabano na nukta tulioletewa na wageni. Sikubaliani nao, na ushahidi uko karibu.

Mtoto wa Mji wa Kale aliyesoma madrasa anajua sanadi kabla hajajua neno bibliografia. Amefundishwa kwamba hadithi ya Mtume haipokewi hivi hivi. Huulizwa imepokewa na nani, naye kaipokea kwa nani, na watu hao walikuwa waaminifu kiasi gani. Elimu nzima ilijengwa juu ya swali la umeyapata wapi. Mtoto huyo anapofika darasani mwetu na kuandika "wahakiki wengi wanasema," hakosi maarifa ya kutaja chanzo. Ameyaacha mlangoni kwa sababu hatukumwambia kwamba yanahitajika hapa pia.

Utamaduni wa tenzi nao una desturi ya mtunzi kujitambulisha na kutaja tarehe mwishoni mwa kazi yake. Ndiyo maana tunaweza kusema kwa uhakika kwamba Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wake mwaka wa 1858, na kwamba Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga Utendi wa Fumo Liyongo mwaka wa 1913. Jambo hili la pili lina funzo kwa watahiniwa. Mara nyingi husoma katika majibu yao kwamba "Liyongo alisema" hivi na vile. Liyongo ni shujaa wa visakale aliyeishi karne nyingi kabla ya 1913. Anayesema katika utendi ni Kijumwa. Kabla yake, Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha habari za Liyongo katika mkusanyiko wake wa hadithi wa 1870. Mtahiniwa anayetaja ni matini ipi anayoizungumzia anaweza kuzilinganisha na kupata hoja yake mwenyewe. Asiyetaja hana la kulinganisha.

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE. Swali tunalolizoea kuliko yote ni: eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Tunawafundisha watahiniwa wataje msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kusemwa. Huko ni kutaja chanzo kwa jina jingine! Mwanafunzi amefunzwa kwamba maneno hayaelei hewani; yana mwenyewe, yana anayeambiwa, yana mahali na yana lililoyazusha. Kinachobaki ni kumwonyesha kwamba maneno ya mhakiki, ya mwongozo na ya mwalimu nayo ni maneno ya mtu, na yanastahili kuulizwa maswali yayo hayo manne.

Kasoro zilipo

Kasoro ya kwanza ni nota za kuamliwa. Mwalimu husoma, darasa huandika, na mwisho wa kipindi yaliyosemwa huwa ni kweli tupu isiyo na baba wala mama. Tukifundisha hivyo kwa miaka minne, tusishangae mwanafunzi akiamini kwamba maarifa hayana wenyewe.

Kasoro ya pili ni miongozo. Sisemi ipigwe marufuku. Mwongozo mzuri humsaidia mwanafunzi ambaye vitabu vya tahakiki havimfikii. Tatizo ni mwongozo unaosomwa badala ya kitabu teule. Mwanafunzi hukariri kwamba mhusika fulani ni "katili, mnafiki na mwenye tamaa" bila kuweza kutaja tukio moja linalothibitisha. Hapo ameazima uamuzi bila ushahidi, na mtahini akilibadilisha swali kidogo tu, uamuzi huo haumfai.

Kasoro ya tatu ni mpya. Tangu mwishoni mwa 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazotunga majibu kwa lugha fasaha, na simu inayozifikia iko mfukoni mwa kaka au mama wa karibu kila mwanafunzi wangu. Programu hizi zinaweza kutaja kitabu kisichokuwapo, pamoja na mwaka wake na ukurasa wake. Mwanafunzi aliyezoea kwamba chanzo ni pambo la kumalizia insha hatatambua. Aliyezoea kwamba chanzo ni kitu cha kufungua na kusoma atakitafuta, atakikosa, naye atatia shaka. Kumkataza simu hakutoshi, kwa kuwa hatukai naye nyumbani. Kumfundisha kushuku kunasafiri naye.

Mbinu za darasani

Baada ya aibu yangu nilibadilisha utaratibu. Ninaueleza hapa si kwa kuwa ni wa ajabu, bali kwa kuwa unawezekana katika darasa la wanafunzi zaidi ya 40.

(a) Swali linaloweza kutafitiwa. "Jadili mchango wa Muyaka" ni swali linaloomba kuigiwa, kwa sababu jibu lake limekwisha kuandikwa mahali. Nilililibadilisha kuwa: mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa njia gani, na njia hiyo inatulazimu tuyasome kwa tahadhari ipi? Jibu lake linamtaka mwanafunzi apange ushahidi mwenyewe.

(b) Daftari la vyanzo. Kila mwanafunzi hutenga kurasa kumi za mwisho za daftari lake. Kila anaposoma jambo atakalolitumia, kabla ya kuliandika huandika mwandishi, jina la kazi, mwaka, mchapishaji na ukurasa. Kama alilipata kwa mtu, huandika nani, wapi na lini. Kama alilipata kwenye simu, huandika tovuti na tarehe aliyoifungua. Kanuni ni moja: chanzo kwanza, maneno baadaye. Anayeahirisha hukisahau chanzo, na kilichosahauliwa hugeuka kuwa chake bila yeye kukusudia. Wizi mwingi wa maandishi huanzia kwenye uvivu wa namna hii kabla ya kuwa hila.

(c) Aina tatu za kutumia maneno ya mwingine. Mwanafunzi akinukuu, huyaweka maneno katika alama za mtajo, hatii wala hatoi. Akifafanua, huyasema upya kwa maneno yake lakini humtaja mwenye wazo. Akifupisha, hubeba kiini peke yake, naye pia humtaja mwenyewe. Wanafunzi wana stadi hii tayari, kwa kuwa karatasi ya pili inawatahini ufupisho kwa alama 15. Kosa linalojirudia ni kubadilisha maneno mawili matatu katika sentensi ya mtu na kudhani kwamba imekuwa yako. Kumvika mtu kanzu nyingine hakumbadilishi jina.

Nilitumia mfano huu ubaoni. Mwanafunzi wa kwanza ameandika: "Mashairi ya Muyaka yaliandikwa 1940." Ni kosa la ukweli na la chanzo. Wa pili: "Mashairi ya Muyaka yalikusanywa zamani na wataalamu." Hapana kosa, lakini hapana ujuzi, wataalamu gani, na zamani lini? Wa tatu: "Mashairi ya Muyaka tuliyo nayo yalikusanywa na Mwalimu Sikujua kwa ushirikiano na W. E. Taylor katika karne ya 19, yakachapishwa na Hichens (1940)." Darasa lenyewe liliona kwamba sentensi ya tatu imebeba hoja, na hoja hiyo imeletwa na majina na miaka.

(d) Kisicholazimu kutajiwa chanzo. Methali, mambo yanayojulikana na watu wote na maoni ya mwanafunzi mwenyewe hayahitaji mabano. Aidha, mshairi anayechukua kituo cha mwenziwe ili amjibu hajaiba. Katika majibizano msikilizaji anamjua anayejibiwa, na kuchukua neno lake ni namna ya kumtaja. Wizi ni pale msomaji anapofichwa.

(e) Nyanjani. Silabasi ya fasihi simulizi inataja mahojiano, hojaji, kurekodi, kushuhudia na kushiriki. Wanafunzi huzikariri mbinu hizi kama orodha bila kuzifanya. Mimi niliwatuma wakakusanye kitendawili, ngano au wimbo mmoja nyumbani au mtaani. Masharti yalikuwa manne: omba ruhusa, andika jina la msimulizi iwapo ameridhia, andika mahali na tarehe, na baada ya kuandika urudi umsomee akusahihishe. Nyumba za zamani za Buxton zilibomolewa katika miaka ya 2020 kupisha maghorofa mapya, na familia zilizokaa pamoja kwa miaka mingi zikatawanyika. Walipotawanyika wazee, hadithi zao nazo zilitawanyika. Mvulana mmoja alilazimika kupanda feri hadi Likoni kumfuata nyanya aliyekuwa jirani yao. Aliporudi kumsomea, nyanya alimsahihisha mara tatu, kisha akamwambia, "Na uandike kwamba mimi nilipewa na mama yangu." Mvulana akaandika. Katika insha yake hiyo palikuwa na mlolongo wa watu watatu, sanadi kamili, na sikuwa nimemfundisha neno hilo.

Pingamizi

Mwalimu mwenzangu atasema: mtihani hautoi alama kwa marejeleo, na muda hautoshi. Ni kweli kwamba mtahiniwa hatakiwi kuandika bibliografia katika chumba cha mtihani. Lakini hutakiwa kuthibitisha. Katika swali la wahusika, maudhui au mbinu, hoja isiyo na mfano kutoka kitabuni haipati alama yake yote. Aliyezoea kuuliza "ushahidi uko wapi?" mwaka mzima hufika na mifano. Kuhusu muda, daftari la vyanzo halikunipunguzia kipindi hata kimoja. Lilinipunguzia saa za kusahihisha insha 17 zilizo moja.

Wengine watasema shule zetu hazina vitabu. Ni kweli pia, na ndiyo sababu ya kuvitaja kwa uangalifu vichache vilivyopo. Mwanafunzi wa kisiwa hiki anaweza kufika maktaba ya umma au Fort Jesus kwa miguu au kwa nauli ndogo ya matatu. Na asiyeweza, anao wazee.

Wa tatu watasema kwamba Mtaala wa Umilisi utalitatua jambo hili, kwa kuwa umetaja ujuzi wa dijitali na kujifunza namna ya kujifunza miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Mtaala waweza kutaja. Anayefanya ni mwalimu. Mwanafunzi wa mtaala wowote atamwiga mwalimu wake, na kama nota za mwalimu hazina vyanzo, insha za mwanafunzi nazo hazitakuwa navyo.

Hitimisho

Siku niliyowarudishia insha zile sikumpa mtu adhabu. Niliandika ubaoni mstari wangu wa nota kama ulivyokuwa, nikaupiga mstari, nikaandika chini yake: Nilikosea. Nilinakili bila kusoma. Kisha nikaandika safari yote ya diwani ile, kuanzia kwa Muyaka hadi kwa Abdulaziz. Darasa lilinyamaza. Sikuwahi kuona wanafunzi wakinakili kwa makini namna ile.

Gharama yake ipo. Tangu siku hiyo, sipitishi kipindi bila mkono kuinuka na sauti kuuliza, "Umeyapata wapi hayo, mwalimu?" Mara nyingine jibu ninalo. Mara nyingine huwaambia kwamba nitakwenda kutazama, na kesho yake huulizwa kama nimetazama.

Ninamwomba kila mwalimu mwenzangu anayesoma makala haya achukue nota zake za ushairi leo, autafute ukurasa wa Muyaka, na kama jina la Mwalimu Sikujua halimo, alitie. Nawe mtahiniwa, utakapoandika hoja yoyote katika insha yako, ifanyie lile swali la alama 4: nani kasema, kamwambia nani, wapi, na kwa nini? Ukiweza kujibu, iandike. Ukishindwa, bado hujamaliza kusoma.